Kununua mashua ya tanga iliyotumika kwa matembezi ya wikendi: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Kuna mashua Kunduchi inauzwa, rangi yake nzuri, nilipe?" "Ninunue ya mbao au ya faiba?" "Mwenyewe aliniapia haivuji, mbona leo nimeikuta imejaa maji?" Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeyaweka majibu yote hapa.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa, uwe Dar, Tanga, Unguja, Mombasa au Lamu, unayetaka Jumamosi upandishe tanga, ufike kisiwa cha karibu, uchome samaki na urudi salama. Mvuvi hahitaji kufundishwa haya. Anayetaka kubeba watalii kwa pesa naye ana leseni na ukaguzi wake mwingine. Asitegemee maelezo haya peke yake.

Nitazungumzia zaidi mashua ya mbao ya futi 18 hadi 25, kwa sababu ndiyo utakayoikuta inauzwa katika fukwe nyingi. Ya faiba ina sehemu yake huko chini.

Kitu kimoja kikae kichwani tangu sasa: unanunua mbao zilizo chini ya maji. Tanga, kamba, nanga na hata mlingoti hubadilishwa kwa siku moja. Mbao za chini zikiwa zimeoza, umenunua kuni zilizopakwa rangi.

Mashua, dau au ngalawa?

Ngalawa ni gogo lililochongwa, lina matengo ya kulizuia lisipinduke pande mbili, ni nyepesi na ina mbio. Bei yake ni ndogo. Lakini ndani hamna nafasi, mtalowa, na gogo likipasuka au kuoza kitako hakuna ubao wa kubadilisha: dawa ni kiraka, kisha gogo jingine. Kwa watu wawili wanaopenda mbio inafaa sana. Kwa familia yenye jiko la mkaa na ndoo ya vyakula, hapana.

Dau limechongoka mbele na nyuma. Mashua imekatwa bapa nyuma, ina tumbo pana, inabeba, na ukitaka kufunga mashine ndogo ya dharura unapata pa kuifunga. Anayeanza namshauri mashua. Wapo watakaobisha, hasa watu wa visiwani waliozaliwa ndani ya dau, na wana haki yao.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Fundi wa vyombo asiye ndugu wala rafiki wa muuzaji. Mlipe siku yake, ununue usinunue. Fundi anayelipwa pale tu chombo kinaponunuliwa ataona kila chombo ni kizima.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari iliyo karibu nawe.
- Kisu kidogo chenye ncha au bisibisi nyembamba, nyundo ndogo, tochi, chaki, uzi mrefu kuliko chombo, futi ya kupimia, na simu ya kupigia picha.
- Nahodha au baharia mzoefu wa kwenda naye siku ya majaribio.
- Pesa ya ununuzi, na pesa nyingine pembeni ya matengenezo. Mimi husema tenga angalau theluthi ya bei, hata kama chombo kinaonekana kizima. Kama huna hiyo theluthi, bado hujafika wakati wa kununua.
- Kujua kuogelea. Ndiyo, watu wanaouliza bei ya mashua bila kujua kuogelea wapo.

Hatua ya 1: Amua utakwenda wapi na nani

Kutoka Msasani au Kunduchi kwenda Bongoyo au Mbudya ni safari ya nusu siku, karibu na nchi kavu. Kutoka mji wa Unguja kwenda Changuu au Bawe vilevile. Tanga una ghuba iliyokingwa vizuri, na Lamu una mikondo ya kutembea siku nzima bila kuonja bahari kuu. Kwa safari za namna hii mashua ya futi 20 inatosha watu wanne au watano na mizigo yao.

Ukiwa unawaza kuvuka kutoka Dar kwenda Unguja, waza, lakini si mwaka wa kwanza na si kwa chombo hiki peke yako. Kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, la mwezi wa saba halijali ulisoma mwongozo gani.

Hesabu watu pia. Tanga la pembetatu halitaki mtu mmoja. Mmoja ashike usukani, mmoja demani (kamba ya kuongozea tanga), na mmoja awe huru kwa kamba za foromali (mti unaobeba tanga) na kufua maji, yaani kuyatoa chomboni. Kama kila wikendi utakuwa peke yako, tafuta ngalawa ndogo au boti ya faiba yenye tanga jepesi.

Hatua ya 2: Tafuta pa kukilaza kabla ya kukinunua

Wengi hufanya kinyume. Wananunua Jumamosi, Jumapili wanaanza kuuliza watakiweka wapi. Unahitaji sehemu iliyokingwa na kusi na kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini), yenye mtu wa kuangalia chombo siku za kazi, na unayoweza kuifikia bila kuvuka mji mzima. Nenda kaongee na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe huo, ujitambulishe, ukubaliane malipo ya mlinzi kila mwezi.

Halafu angalia maji. Katika pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Dar na Unguja, siku za bamvua (maji makubwa, mwezi ukiwa mchanga au mpevu) maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni. Tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Maana yake, Jumamosi ya bamvua utafika na watoto waliovaa majaketi ya kuokolea, jokofu la mkononi limejaa barafu, na mashua imekaa mchangani hatua mia mbili kutoka majini. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa, na kushuka kwake ni kidogo. Kama mahali pako panapwa, kalenda yako ya matembezi itaandikwa na mwezi. Hilo si tatizo ukilijua mapema.

Hatua ya 3: Tafuta chombo, na usikimbilie cha kwanza

Tembea fukwe zenye mafundi. Nungwi kaskazini mwa Unguja, Matondoni huko Lamu, Bagamoyo, Kilwa Kivinje na Mafia ni mahali ambapo vyombo huundwa na kutengenezwa. Fundi anajua kila chombo kilichopita mikononi mwake: mwaka kilipoundwa, ubao gani ulibadilishwa na nani hajalipa. Kaa, nunua kahawa, uliza. Dalali atakuonyesha chombo kinachouzwa, ila fundi atakwambia kwa nini kinauzwa.

Tazama vyombo vitano au sita kabla ya kutaja bei yoyote, hata kama cha kwanza kimekuteka moyo. Macho yanahitaji kuzoea.

Wakati mzuri wa kutafuta ni pale vyombo vinapopandishwa pwani kufanyiwa matengenezo, kwa kuwa utaviona uchi. Na ukipata nafasi ya kununua mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana, ndipo upepo unapokuwa mpole kwa anayejifunza, kusi limeisha na kaskazi haijashika.

Hatua ya 4: Jua unauziwa nini na nani anauza

Bei uliyotajiwa ni ya nini? Mara nyingi ni ya mwili mtupu. Tanga lina bei yake, nanga na amari (kamba yake) zina bei yake, mashine kama ipo ina bei yake. Andika orodha mbele ya muuzaji: mlingoti, foromali, tanga, kamba, gofia (kapi ya kupandishia tanga), usukani na kana (mpini) yake, nanga, makasia, ndoo ya kufulia maji. Kisichoandikwa hutakikuta siku ya kuchukua chombo.

Swali la pili ni zito zaidi. Vyombo vingi ni vya watu wawili watatu, au ni mirathi. Mzee amefariki, kaka mkubwa anauza, wadogo wako Mkuranga na Mtwara na hawana habari. Ukimlipa huyo mmoja, miezi mitatu baadaye unafuatwa na wengine, na kisheria wana hoja. Uliza kwa adabu: "Mzee, chombo hiki ni chako peke yako au mna ushirika?" Kisha uliza swali hilohilo kwa BMU, kwa sheha kama uko Zanzibar, na kwa mabaharia waliokitumia. Majibu yakitofautiana, subiri.

Hatua ya 5: Kitazame kikiwa kikavu

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, kwa hiyo usiifanye kwa haraka. Chagua siku ya bamvua, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au baada ya mwezi mpevu. Mwambie muuzaji akiegemeze chombo mchangani maji yakijaa, kisha mfike maji yanapokimbia. Mtapata saa kadhaa za kukizunguka chini na juu. Muuzaji akisema "hakuna haja, kizima hiki", mshukuru na uondoke.

Anza kwa mbali. Simama nyuma ya chombo, hatua kumi, utazame kama kimenyooka. Funga uzi kutoka fashini (mti wa kusimama) ya mbele hadi ya nyuma kwa chini na uulinganishe na mkuku, uti wa mgongo wa chombo. Mkuku ukiwa umejikunja mgongo, katikati juu na ncha zimeshuka, chombo kimechoka mifupa. Hakitengenezeki kwa gharama unayoweza kuilipa.

Sogea karibu. Pita ubao mmoja baada ya mwingine ukigonga kwa nyundo. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu, ya juu. Uliooza hujibu kwa sauti nzito isiyo na mwangwi. Unapopashuku, chora alama ya chaki, kisha choma kwa kisu. Kisu kikigoma baada ya ganda la rangi, vizuri. Kikizama kama kwenye papai, ubao huo umekwisha. Tilia mkazo sehemu hizi:

- Ubao unaopakana na mkuku, kuanzia mbele hadi nyuma. Ndipo maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini ndani ya chombo, hulala siku zote.
- Mahali mbao zinapoungana na fashini ya mbele na ya nyuma.
- Mstari wa maji, palipo na ulowevu na ukavu wa kila siku.
- Chini ya mkuku wenyewe, panaposuguliwa na mchanga. Chimba kidogo uone.

Tafuta mdudu anayekula mbao za majini. Anaingia akiwa mdogo, tundu lake kwa nje ni kama la pini, halafu anakua ndani akifuata uzi wa mbao hadi anaacha ubao mwepesi wenye mifereji. Nje unaona vitundu vitatu. Ndani hamna kitu. Ukichokoa na kuona mifereji yenye utando mweupe kama chokaa, ni yeye. Ubao mmoja wenye mdudu hubadilishwa. Mkuku wenye mdudu, acha chombo hicho.

Sasa misumari. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye vichwa vya misumari hata juu ya rangi mpya ni dalili. Omba fundi ang'oe msumari mmoja au miwili, kwa makubaliano kwamba mtapiga mipya. Utazame katikati, pale ubao unapokutana na taruma (ubavu wa chombo). Kama umekonda hapo na kubaki kiuno chembamba, na mingine yote ni ya rika moja nao, mashua nzima inahitaji kupigwa misumari upya. Kazi hiyo inawezekana, ila bei ishuke kwa kiasi hicho.

Ingia ndani. Ondoa farumi yote, yaani uzito wa kutuliza chombo, iwe mawe au viroba vya mchanga, hata kama inachosha. Chini ya farumi ndipo siri zinapokaa. Washa tochi, tazama mataruma moja moja. Lililopasuka, lililofungwa kwa waya, lililopachikwa jipya pembeni bila kugusa la zamani: yahesabu. Mawili matatu ni kawaida kwa chombo chenye umri. Yakiwa nusu, rudi nyumbani. Mahali mlingoti unapokaa chini pasiwe na ulaini wowote, kwa kuwa uzito wote wa tanga hutua hapo.

Uliza mbao ni za mti gani. Mvule, msaji, mbambakofi na mtondoo hudumu zikitunzwa. Mwembe ni laini, huoza mapema, ingawa kwa ngalawa ndio unaotumika sana. Chombo chenye mchanganyiko wa miti si kibaya. Kinaonyesha tu kimetengenezwa mara nyingi.

Tahadhari ya rangi. Mashua iliyopakwa rangi wiki ya kuuzwa ichunguzwe mara mbili. Rangi nzito, saruji au lami iliyojazwa kwenye viungo vya mbao badala ya kalafati ya pamba ina kitu inachoficha. Saruji haivimbi na mbao, hivyo maji hupita pembeni yake na kuozesha ubao kimyakimya.

Mlingoti na foromali viangalie kwenye misuguano: pale kamba inapopita na pale mlingoti unaposhikwa na boriti ya kukingama. Mlingoti wa mvinje wenye mpasuko mwembamba unaofuata urefu bado unatumika. Mpasuko unaokata upana hautumiki.

Tanga lifungue lote, ulitandaze mchangani, kisha mliinue dhidi ya jua. Utaona matundu na mahali uzi wa mshono ulipokatika. Bana kitambaa kwa vidole gumba viwili na uvute. Kikichanika kirahisi, hesabu tanga jipya. Dasi, kamba inayozunguka tanga, iwe nzima, hasa kwenye pembe.

Usukani utikise. Rumada (bawaba za usukani) zilizolegea au kulika kwa kutu ni kitu kidogo cha kutengeneza na kikubwa cha kupuuza.

Hatua ya 6: Kilaze majini

Mbao zikikaa juani husinyaa, viungo vinafunguka. Chombo kilichokaa pwani wiki tatu kitaingiza maji siku ya kwanza hata kama ni kizima, halafu mbao huvimba na kuziba. Kwa hiyo usikikatae kwa sababu ya maji ya saa mbili za mwanzo, wala usikikubali kwa sababu kilikuwa kikavu kwa saa mbili.

Fanya hivi. Kiache majini siku mbili. Jioni ya siku ya pili fua maji yote mpaka ndani pabaki pakavu. Chora alama ya chaki. Asubuhi rudi na upime. Maji ya ndoo chache kwa mashua ya futi 20 ni ya kawaida. Kama mbao za kukanyagia zinaelea, kuna mlango wazi mahali fulani. Na uwe wewe wa kwanza kufika asubuhi hiyo, kabla ya mlinzi mwenye ndoo.

Hatua ya 7: Kipandishe tanga

Nenda na nahodha wako, si wa muuzaji peke yake, na upepo uwe wa kutosha kutikisa minazi. Rudisheni farumi kwanza. Chombo kitupu hudanganya.

Tazama mambo haya: kinabisha upepo (kuelekea unakotoka) kwa kiasi gani, au kinateleza kando tu? Usukani ni mwepesi kwa mkono mmoja? Kikilala na upepo, maji yanaingia kutoka viungo vya juu? Foromali inapanda na kushuka bila kukwama? Geuzeni mara kadhaa. Kwa tanga hili kawaida mnazungusha tezi (nyuma ya chombo) kwenye upepo na kupitisha tanga mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, na hapo ndipo wanaoanza hupigwa na foromali. Kaa nyuma, inama, ujifunze kwa kutazama. Mkirudi, fungueni tena chini mtazame maji. Chombo kinachobaki kikavu nangani lakini kinavuja kikivutwa na tanga kina mataruma au misumari iliyolegea.

Hatua ya 8: Piga hesabu, ndipo utaje bei

Kaa na fundi wako pembeni. Aorodheshe mbao za kubadilisha, misumari, pamba ya kalafati, rangi, tanga, na siku zake za kazi. Toa jumla hiyo kwenye bei ambayo chombo kizima cha ukubwa huo kinauzwa ufukweni hapo. Kinachobaki ndicho cha kuanzia mazungumzo. Usimtukanie mtu chombo chake kwa kukitaja ubaya mbele ya watu; mwonyeshe alama za chaki mkiwa wawili. Bei hushuka zaidi kwa heshima.

Hatua ya 9: Andikishaneni

Hati ya mauziano iwe na majina kamili ya wote wanaomiliki, namba ya usajili iliyoandikwa kwenye chombo, urefu, orodha ya vifaa, bei na tarehe. Mashahidi wa pande zote mbili. Pitisheni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, au kwa sheha upande wa Zanzibar. Pesa ikiwa nyingi, kwa wakili. Lipa benki au kwa simu ili ushahidi ubaki.

Chombo kikiwa kimesajiliwa kwa uvuvi, ulizia namna ya kubadilisha jina na matumizi. Tanzania Bara ukaguzi na usajili wa vyombo uko chini ya TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA. Nenda ofisini kwao na picha na vipimo kabla ya kulipa salio, uulize wanachodai kwa chombo cha ukubwa huo. Usitegemee "hapa hatuulizwi".

Ukitaka kutua Mbudya, Bongoyo au eneo jingine tengefu, kuna kiingilio na kuna masharti ya nanga. Usitupe nanga juu ya matumbawe popote pale.

Hatua ya 10: Wiki za mwanzo

Lipa fundi kwanza, tembea baadaye. Kalafati ipitiwe yote, chini papakwe deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa) au rangi ya majini, juu mafuta. Nunua majaketi ya kuokolea kwa idadi ya watu, kata mbili za kufulia maji, tochi, filimbi, makasia, maji ya kunywa ya ziada. Kamba ya nanga ipime kwa maji yaliyojaa: penye mita 2 maji yakipwa patakuwa na zaidi ya 5 yakijaa bamvua, na kamba inatakiwa iwe mara tano ya kina. Hiyo ni mita 25 na zaidi. Wengi hutupa nanga mchana maji yakiwa machache, wanalala, na usiku chombo kinatembea chenyewe.

Safari za mwanzo ziwe za asubuhi. Umande, yaani upepo wa alfajiri, hukusukuma kutoka nchi kavu, na ukiwahi kugeuka, upepo wa mchana kutoka baharini hukurudisha. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla na asubuhi yenyewe.

Kama ni ya faiba

Boti ndogo za tanga za faiba hupatikana zaidi kwenye klabu za mashua za Dar, Tanga na Mombasa, na kwenye mkono wa bahari wa Kilifi. Nyingi huuzwa na wageni wanaohama, na hapo bei huwa nzuri kwa sababu ndege imeshakatiwa tiketi. Haziliwi na mdudu. Ila kanyaga sitaha yote kwa kisigino: panapobonyea, mbao zilizofunikwa ndani ya faiba zimeoza. Gonga mwili kama ulivyogonga mbao. Tazama malengelenge chini ya mstari wa maji, kutu kwenye boliti za mkuku, na nyuzi za waya wa mlingoti zilizokatika karibu na vishikio. Uliza kama vipuri vyake vinapatikana hapa au vinaagizwa. Na kama boti iliingia nchini na mgeni, dai karatasi za forodha. Ushuru usiolipwa hauondoki naye uwanja wa ndege.

Matatizo yanayojitokeza baada ya kununua

*Maji hayaishi hata baada ya wiki.* Pandisha pwani, kausha ndani, kisha mimina ndoo za maji ndani ya chombo na utazame nje yanapotokea. Alama ya chaki hapo hapo. Kama ni kwenye kiungo, kalafati ya sehemu hiyo. Kama ni kwenye kichwa cha msumari, msumari ubadilishwe, pamba haitasaidia.

*Usukani mzito, chombo kinataka kuelekea upepo kila wakati.* Sogeza farumi nyuma kidogo, halafu jaribu kuinamisha mlingoti mbele. Ikishindikana, tanga limevutika na linahitaji mshonaji.

*Kinalala upande mmoja hata nangani.* Panga farumi upya. Ikiwa bado, huenda mbao za upande huo zimenyonya maji. Mwite fundi azigonge.

*Foromali inakwama katikati.* Gofia imekauka au kamba ni nene kuliko tundu. Paka shahamu, au badilisha kamba. Usipande mlingotini ukiwa baharini kuirekebisha. Laza mlingoti ufukweni.

*Ngama inanuka na ni nyeusi.* Maji yamelala chini ya farumi. Toa yote, osha kwa maji ya chumvi, anika siku nzima. Maji ya mvua yanayotuama ndani huozesha mbao haraka kuliko ya bahari, kwa hiyo wakati wa masika kifunike chombo na ukifue kila baada ya mvua kubwa.

*Chini pameota magamba na mwendo umepungua.* Kila mwezi au miwili, siku ya bamvua, kiegemeze mchangani, kwangua, kausha, pakaza upya. Baadhi ya mafundi hupitisha moto wa makuti chini ya chombo kuua mdudu. Kazi hiyo waachie wao, na hakikisha mashine na chupa ya petroli vimeshushwa kabla ya kiberiti kuwashwa.

*Nimepwelewa kisiwani.* Tulia. Tupa nanga upande wa maji ya kina ili yakijaa chombo kisisukumwe juu zaidi, kagua chini wakati unasubiri, na wapigie simu nyumbani uwaambie utachelewa kama saa sita au zaidi kidogo.